Je, ni lazima ninunue habu ya nyumba janja, au ruta na simu vinatosha?

MamaTulia

Wakuu habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa wote. Naomba mnisaidie kuamua jambo moja kabla sijatoa hela.

Tayari nina balbu za waifai sebuleni na vyumbani, soketi za waifai (moja inaendesha pampu ya maji kwa ratiba), na kamera mlangoni. Kila kimoja kina aplikesheni yake, kwa hiyo simu yangu imejaa aplikesheni zinazofanya kazi ile ile. Hilo navumilia. Kinachonisumbua ni kingine. Mama mkwe wangu amehamia kwetu, na usiku huamka kwenda msalani. Macho yake hayaoni vizuri gizani, na swichi ya korido iko upande wa mbali. Nataka akifungua tu mlango wa chumba chake taa ya korido iwake yenyewe, kwa mwanga mdogo usiomuumiza macho, kisha izime yenyewe akisharudi. Nataka pia kihisi cha maji chini ya sinki la jikoni na vihisi kwenye milango ya nje.

Nimeshajaribu kihisi mwendo cha waifai. Kinafanya kazi, lakini taa huwaka mama akiwa ameshafika katikati ya korido, na kuna usiku haikuwaka kabisa kwa sababu intaneti ilikuwa imekatika. Betri zake nazo haziishi kuisha.

Mtu mmoja ananiambia ninunue habu ya Zigbee, yaani kisanduku kinachoviongoza vifaa vya nyumbani kwa redio iitwayo Zigbee. Mwingine anasema habu ni mambo ya zamani, eti Matter, lugha mpya ya pamoja ya vifaa, imezimaliza, nitafute tu vitu vyenye nembo ya Matter. Shemeji yangu anasema ninunue ruta yenye nguvu zaidi, basi. Mimi si fundi, ila nikielezwa polepole naelewa. Kwa haya ninayoyataka, habu ni lazima?

KijanaWaRuta

Dada, hongera kwa kumtunza mama. Maoni yangu: usikimbilie habu. Kwangu kila kitu ni waifai na sijaona sababu ya kuongeza kisanduku kingine cha kusasisha na kutafutia nafasi.

Shida ya wengi ni kununua vifaa ambavyo haviwezi kufanya lolote bila kuuliza seva za kampuni (kompyuta zao zilizo nje, kwenye intaneti). Viko vifaa vya waifai vinavyopokea amri humo humo ndani. Chukua zile relei ndogo za Shelly (vifaa vya kuwasha na kuzima umeme kwa amri ya waifai) zinazofichwa nyuma ya swichi: unaweza kuipanga moja iipe nyingine amri moja kwa moja kupitia ruta, hata waya wa intaneti ukiwa umechomolewa. Vifaa vingi vyenye chipu ya waifai ya ESP8266 au ESP32 unaweza kuviwekea programu huria ya Tasmota au ESPHome, vikaachana kabisa na seva za nje.

Kwa korido: weka relei kwenye taa, funga kihisi mwendo cha waya darini (kisiwe cha betri), umemaliza. Ruta nzuri na vifaa vilivyochaguliwa kwa makini, hiyo ndiyo habu yako.

FundiSwichi

Marahaba, mama. Kijana, salamu, mengi uliyosema ni kweli na nitayarudia huko chini.

Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Siku hizi naitwa kwa nyumba janja zilizogoma kuliko kwa fyuzi zilizoungua, na naona wengi wanaanzia pasipofaa. Wanauliza, "nikiwa na vifaa vingapi ndiyo ninunue habu?" Idadi haikuambii kitu. Nimekuta nyumba iliyojaa balbu za waifai kila chumba na haihitaji habu hata kidogo, na nimekuta chumba kimoja cha mgonjwa kinachoihitaji sana. Swali ninalowauliza wateja wangu ni hili: kuna jambo gani humu ndani ambalo lazima litokee hata kama hakuna aliyeshika simu, na hata kama intaneti imekatika? Kama halipo, baki na ulivyo navyo, uwe na amani. Kama lipo, basi lazima kuwe na kitu kinachofanya uamuzi humo humo ndani ya nyumba. Kwako lipo. Ni mama mkwe wako akiwa koridoni usiku.

Tufuate ujumbe mmoja. Mama anafungua mlango, anaingia koridoni. Kihisi chako cha waifai kilikuwa kimelala ili kutunza betri, kwa hiyo kwanza kinaamka, kinaitafuta ruta, kinajitambulisha, kinaomba anwani. Hapo sekunde zimeshapita. Kisha ujumbe unatoka nje kwa intaneti hadi kwenye seva ya kampuni, pengine iko bara jingine. Seva inasoma kanuni uliyoiweka kwenye aplikesheni, inarudisha amri hadi kwenye balbu. Kama kihisi ni cha kampuni moja na balbu ni ya kampuni nyingine, seva mbili inabidi zizungumze kwanza. Sehemu moja ya safari hiyo ikikwama, mama yuko gizani. Kwa upande wa Zigbee, kihisi kinaamka na kurusha ujumbe mfupi sana bila kuanza upya kujitambulisha; habu inaupokea, inasoma kanuni iliyohifadhiwa ndani yake, inaiamuru taa. Mambo yote hayo huisha chini ya nusu sekunde, na intaneti haihusiki. Shemeji yako ana hoja endapo waifai haifiki vizuri koridoni, lakini ruta yenye nguvu haifupishi safari ya kwenda kwenye seva na kurudi.

Betri nazo zina sababu yake. Redio ya waifai inapotuma hula zaidi ya miliampea 100. Betri bapa ya CR2032, ile ya duara, ina takriban miliampea 220 za saa moja kwa ujumla wake, na haikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa kiasi hicho. Ndiyo maana vihisi vya waifai huja na betri kubwa na bado huzimaliza. Zigbee imejengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha redio kiitwacho IEEE 802.15.4, kilichotungwa makusudi kwa vitu vinavyosema kidogo na kulala sana. Kihisi cha mlango cha Zigbee hukaa mwaka, miwili, hata zaidi kwa betri hiyo ndogo. Z-Wave, redio nyingine ya nyumba janja, iko vivyo hivyo, ila hutumia masafa ya chini zaidi, karibu 868 MHz Ulaya na 908 MHz Marekani, kwa hiyo haisongamani na waifai na hupenya kuta vizuri. Hakikisha tu habu na vifaa vimetengenezwa kwa masafa yale yale, maana vya eneo moja havisikilizani na vya eneo jingine.

Kwa hiyo kinachodai habu ni vihisi vya betri vinavyotakiwa kujibu papo hapo. Balbu na soketi zinazopata umeme wa ukutani muda wote hazidai. Na kama ungekuwa unataka korido peke yake, ningekwambia ununue taa ya kawaida yenye kihisi mwendo ndani yake, isiyo na waifai wala aplikesheni, na mazungumzo yangeishia hapa. Ni kifaa kizuri, kinafanya kazi moja na kuifanya vizuri. Hapo mimi na Kijana tuko pamoja. Lakini wewe umetaka mlango ndio uwashe taa, mwanga upungue usiku tu, na umetaja maji chini ya sinki na milango ya nje. Kuvuta waya hadi kila mlango ni kuchimba kuta, na mwenye nyumba anayeishi ndani na mzee hataki vumbi hilo.

Sasa niseme jambo ambalo linaua nyumba nyingi za Zigbee kuliko ubovu wa habu, nalo ni swichi ya ukutani. Vifaa vya Zigbee hupokezana ujumbe. Kila chenye umeme wa kudumu, balbu, soketi, swichi, hupokea ujumbe wa jirani na kuusukuma mbele hadi ufike kwenye habu. Vya betri havifanyi hivyo. Vinasema vyao na kulala. Kwa hiyo ukifunga balbu za Zigbee kwenye taa zenye swichi ya kawaida, mtoto akizima swichi ya sebuleni kwa mkono kama alivyozoea, hajazima taa tu, amekata daraja. Kihisi cha jikoni kilichokuwa kinapitia balbu ile kinabaki kinaita hewani. Siku ya pili unaambiwa "Zigbee haiaminiki". Nimefungua nyumba nyingi zenye malalamiko hayo na nikakuta redio zote ni nzima, tatizo ni vidole vya watu waliofanya jambo la kawaida kabisa. Watu wa nyumbani hawapaswi kufundishwa upya namna ya kuzima taa. Badilisha swichi yenyewe iwe ya Zigbee, balbu ibaki ya kawaida inayokubali kupunguzwa mwanga, au weka soketi za Zigbee ambazo hakuna anayezizima. Ila kabla ya kununua swichi, fungua kisanduku cha swichi ya zamani (zima umeme kwenye sakiti kwanza) uangalie kama kuna waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme). Nyumba nyingi za zamani hazina nyutro hapo, na swichi zinazofanya kazi bila nyutro kwa kawaida hazipokezi ujumbe wa wengine. Hapo soketi ndizo zitakazobeba mtandao.

Jambo jingine: neno habu kwenye boksi halikuhakikishii kwamba maamuzi yanafanyika ndani. Zipo habu ambazo ni masikio tu, akili yao iko kwenye seva. Kulikuwa na habu iliyoitwa Revolv. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest, kampuni ya Google, mwaka 2014, na tarehe 15 Mei 2016 huduma ikazimwa. Kisanduku kilikuwa kizima, redio nzima, umeme upo, lakini kikawa hakina kazi, kwa sababu kilitegemea seva ambayo haikuwepo tena. Waliokuwa nacho walikuwa wamelipia kifaa kama chako unachotaka kununua. Kwa hiyo unaponunua, uliza swali moja na ulisisitize: kanuni zangu zitafanya kazi intaneti ikiwa imekatika?

Na kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili jioni moja. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, lakini ruta yenyewe iache inawaka. Waambie wa nyumbani waishi kama kawaida. Zunguka chumba kwa chumba, jaribu kila swichi, kila kihisi, kila ratiba, uandike kilichokufa na kilichobaki hai. Karatasi hiyo itakuonyesha kinachohitaji habu kuliko maelezo yangu yote.

KijanaWaRuta

Fundi, nimekuelewa kwenye betri. Kwangu sina kihisi hata kimoja cha betri, vyote nilivuta waya nyumba ikiwa bado inajengwa, ndiyo maana sijawahi kuisikia hiyo shida. Dada, kama kuta zako zimeshapigwa rangi na hutaki kuzichimba, msikilize Fundi.

NeemaMitambo

Naomba niongezee upande wa Matter, kwa sababu naona wengi wanaambiwa imeua habu na si kweli.

Matter ni lugha ya pamoja ya vifaa, haina redio yake. Kazi yake ilitangazwa Desemba 2019 na Amazon, Apple, Google na muungano wa Zigbee, ambao tangu 2021 unaitwa Connectivity Standards Alliance. Toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2022. Kizuri chake ni kwamba amri zinapita ndani ya nyumba bila kwenda kwenye seva, na kifaa kimoja kinaweza kuongozwa na mifumo ya kampuni zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Hilo lingekupunguzia zile aplikesheni, dada.

Lakini lugha inahitaji njia ya kupita. Matter hupita kwenye waifai, kwenye waya wa mtandao, au kwenye Thread. Thread ni redio ya aina ile ile ya Zigbee, 802.15.4, inayopokezana ujumbe vivyo hivyo, ila kila kifaa kina anwani yake ya IPv6, anwani za aina ile ile zinazotumika kwenye intaneti. Vihisi vya betri vya Matter kwa kawaida ndivyo vinavyotumia Thread. Ili Thread izungumze na mtandao wako wa kawaida lazima kuwe na kifaa cha mpakani kinachounganisha pande mbili, na ili kanuni zifanye kazi simu ikiwa haipo lazima kuwe na kiongozi wa Matter anayewaka muda wote. Kwa hiyo habu bado ipo, imefichwa tu ndani ya kitu kingine. HomePod mini, spika ya Apple, ina kazi zote mbili. Nest Hub ya kizazi cha pili, skrini ya Google, inazo. Echo ya kizazi cha nne, spika ya Amazon, inazo, tena ina redio ya Zigbee juu yake. Kabla hujanunua habu, angalia kwanza spika au kisanduku cha televisheni ulicho nacho. Wengi wana habu sebuleni na hawajui.

Kwa kihisi chako cha maji kuwa makini na namba ya toleo. Vihisi vya uvujaji viliingizwa rasmi kwenye toleo la 1.3, mwaka 2024. Habu au spika ambayo haijasasishwa kufikia hapo inaweza kukiunganisha kihisi na bado isijue la kufanya nacho. Kamera hazikuwemo kabisa katika toleo la kwanza, kwa hiyo kamera yako ya mlangoni usiitarajie ijiunge.

Na vifaa vya Zigbee havigeuki kuwa vya Matter kwa kuzeeka. Vinaingia kupitia habu inayotafsiri pande zote mbili. Ningekuwa mimi ninayeanza leo ningechukua habu yenye Zigbee ndani na uwezo wa kuvitoa vifaa vyake nje kwa Matter. Vihisi vya Zigbee vimekomaa, vipo vya kila aina, na milango ya baadaye inabaki wazi.

MamaTulia

Ahsanteni sana wote, Mungu awabariki. Nimefanya jaribio la Fundi. Waya umechomolewa, ruta inawaka. Balbu zote za waifai zikagoma kwenye simu, isipokuwa za aina moja ambazo zilikubali. Kihisi mwendo kikafa kabisa. Kamera ikabaki inawaka taa yake lakini sikuweza kuona kitu. Kilichonishangaza ni pampu: iliwaka na kuzima kwa saa zake kama kawaida!

Sasa nimebaki na mawili. Kwanza, spika ya namna aliyoitaja dada Neema sina, kwa hiyo lazima ninunue kitu. Mpwa wangu anataka aniwekee programu ya Home Assistant kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana, anasema ndiyo bora kuliko habu zote za kununua. Yeye anaishi mbali na huja likizo tu. Nifanye hivyo, au ninunue habu iliyokwisha tengenezwa? Pili, balbu zangu za waifai nizitupe?

FundiSwichi

Mama, umefanya kazi nzuri. Pampu iliendelea kwa sababu soketi nyingi za waifai huhifadhi ratiba ndani yake zenyewe; saa ikishawekwa, hazihitaji kuuliza. Iache hivyo hivyo, usiiguse. Balbu nazo usitupe. Za sebuleni na vyumbani ni za kuwashwa na mtu aliyekaa ameshika simu, intaneti ikikatika atanyanyuka abonyeze swichi, hakuna aliyeumia. Nyumba haihitaji kuwa ya aina moja. Ingiza kwenye habu yale tu ambayo umeona hayavumilii kukatika: korido, mlango wa mama, maji, milango ya nje.

Kuhusu mpwa wako, amesema kweli. Home Assistant ilianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ni programu huria, inafanya kila kitu ndani ya nyumba na inaelewana na vifaa vya kampuni nyingi kuliko habu yoyote ninayoijua. Mimi naiheshimu na naitumia. Lakini swali la kujiuliza ni nani ataishughulikia asubuhi ambayo imegoma na mpwa yuko mbali. Inapenda kusasishwa, na ikiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya kawaida, kadi hiyo huandikwa mchana na usiku hadi ichoke. Anayeifunga kwa uzito huiweka kwenye diski ya SSD. Kwa nyumba yenye mtu wa kuiangalia, ningekwambia ndiyo bila kusita. Kwako wewe, kwa kazi ya usiku inayomhusu mzee, nunua habu iliyokwisha tengenezwa, inayohifadhi kanuni ndani yake na inayokuruhusu kutoa nakala ya mipangilio. Nakala hiyo ni muhimu sana: habu ikiungua bila nakala, utazunguka nyumba nzima kuunganisha kila kihisi upya. Mpwa akija likizo anaweza kuweka Home Assistant pembeni iwe inazungumza na habu hiyo, na Home Assistant ikizimika korido haitajua.

Mahali pa kuiweka: usiibane na ruta. Zigbee na waifai ya kawaida zote ziko kwenye 2.4 GHz, na ruta inapiga kelele zaidi. Ipe umbali wa mita moja au mbili, isiwe ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya televisheni. Ndani ya masafa hayo kuna vijia vinavyoitwa chaneli: weka waifai kwenye chaneli ya 1, kisha Zigbee kwenye 20 au 25, hapo hazigongani. Usichague 26 hata kama ni tupu, kwa sababu baadhi ya vifaa hutuma kwa nguvu ndogo sana huko au haviunganishwi kabisa. Fanya uamuzi wa chaneli siku ya kwanza. Ukiibadilisha baadaye, vihisi vingine vitapotea hadi uviunganishe tena.

Kwenye korido, kihisi mwendo kiweke chini, kama urefu wa goti, ukutani, mahali ambapo mama atakatiza mbele yake. Vihisi vya aina hii huona joto linalohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtu anayekuja moja kwa moja kukielekea hukichelewesha. Weka pia kihisi cha mlango kwenye mlango wa chumba chake, hicho ndicho kiwashe taa, na cha mwendo ndicho kiiendeleze. Usiweke taa izime baada ya sekunde 30. Vihisi vingi vya betri vikishamwona mtu hunyamaza kama dakika nzima ili kutunza betri, kwa hiyo taa itazima mama akiwa bado anatembea. Ipe dakika tatu au nne, kwa mwanga wa asilimia 10, rangi ya njano.

Kuna mpangilio mwingine utafute kwenye habu au kwenye balbu yenyewe: hali ya taa baada ya umeme kurudi. Usipouweka, umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane balbu zinaweza kuwaka zote kwa mwanga kamili. Na umeme wenyewe ukiwa umekatika, habu haitamsaidia mama kitu, hata ukiiwekea betri ya akiba, kwa sababu taa ya korido nayo imezimika. Nunua taa ya dharura yenye betri ndani, inayowaka yenyewe umeme ukiondoka, uichomeke karibu na mlango wa msalani.

Mwisho ni mpangilio wa kuunganisha. Anza na soketi na swichi, zilizo karibu na habu kwanza, kisha za mbali, uziache usiku mmoja zijuane. Vihisi vya betri vifuate baadaye, na usiviunganishe vyote mezani kisha ukavibeba kwenda navyo: baadhi hung'ang'ania njia ya kwanza viliyoipata. Kila kimoja kiunganishe kikiwa pale pale kitakapokaa. Cha sinki kiwe chini ya sinki, mlango wa kabati ukiwa umefungwa, kisha kimwagie kijiko cha maji uone kama simu inalia.